Jeni Ikishapachikwa, Inakaa? Majibu ya Maswali Yenu

Zao lililobadilishwa vinasaba likiitwa "thabiti", maana yake nini?

Maana yake jeni (kinasaba) mpya imebaki pale pale ilipopachikwa, inarithiwa kama jeni nyingine za mmea, na bado inafanya kazi iliyokusudiwa. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi.

Jeni inawezaje kuwepo lakini isifanye kazi?

Mwaka 1990, huko Köln, Ujerumani, watafiti walipanda shambani petunia zaidi ya 30,000 zilizotiwa jeni ya rangi kutoka kwenye mahindi. Maua yalitarajiwa kuwa mekundu kama matofali. Kadiri msimu ulivyosonga, mengi yalipauka, na mengine yakatoa mabaka meupe. Jeni ilikuwemo. Kilichobadilika ni kipande cha DNA kinachoiwasha: kilikuwa kimebandikwa kemikali ya methili, jeni ikazimika. Kipimo cha kuangalia tu kama jeni ipo kingesema mambo ni shwari. Ndiyo sababu maabara makini hupima pia protini inayotokana na jeni hiyo, kwenye majani na kwenye mbegu, tena kwa mimea iliyokuzwa sehemu na misimu tofauti.

Wanajuaje kwamba jeni haijahama?

Njia ya siku nyingi ni ile aliyoitangaza mwanasayansi Mwingereza Edwin Southern mwaka 1975. DNA hukatwa kwa vimeng'enya, vipande hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli kulingana na urefu wake, kisha huhamishiwa kwenye utando na kuguswa na kinasio, yaani kipande cha DNA chenye alama kinachoitambua jeni mpya peke yake. Hujitokeza mistari. Mistari ya kizazi cha kwanza ikilingana na ya kizazi cha tano, jeni haijahama wala haijaongezeka. Siku hizi maabara nyingi husoma mfuatano wa herufi za DNA moja kwa moja, na huona hata badiliko la herufi moja ambalo mistari hiyo ingelificha.

Vizazi vingapi vinatosha?

Umoja wa Ulaya kwa kawaida hutaka takwimu za vizazi vitano. Kwa mazao yanayopandwa kwa vipandikizi, kama viazi, huhesabiwa mizunguko ya upandaji.

Nilihifadhi mbegu za mahindi chotara yanayostahimili wadudu. Nilipozipanda, baadhi ya mimea ililiwa. Jeni imepotea?

Hapana, imegawanyika. Chotara mara nyingi hupata jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu. Yakichavushana yenyewe kwa yenyewe, takriban robo ya watoto hukosa jeni kabisa, kwa uwiano wa tatu kwa moja ambao Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, aliuandika mwaka 1866 kutokana na njegere. Wapimaji huutegemea uwiano huo huo. Katika miche 100, wakipata 72 yenye jeni na 28 isiyo nayo, hiyo ni bahati nasibu ya kawaida. Wakipata 60 kwa 40, hapo lazima wachimbe zaidi: huenda jeni hairithiwi sawasawa, au imezimika katika baadhi ya miche na kipimo kimeikosa. Nawasihi watafiti wasiitupe miche ya namna hiyo kabla ya kuichunguza.

Kwa hiyo zao thabiti ni salama kula?

Hilo ni swali jingine, lenye vipimo vyake vya sumu, mzio na lishe. Uthabiti unahakikisha kwamba mmea uliopimwa usalama na ule unaopandwa shambani miaka mingi baadaye bado ni kitu kilekile.