Mwite Juma, ila jina la mwisho lisiwe Juma tena

Mkuu, hongera kwa mtoto. Nimekusoma: kijana kazaliwa Ijumaa, babu yake anataka aitwe Juma, mama yake hataki kwa sababu Juma wamejaa kila kona na mtoto atapotea humo humo. Wachangiaji wengi wamempa mama haki. Mimi naitwa Juma, nina miaka 43, na nimechanganywa na Juma wenzangu tangu chekechea, kwa hiyo ngoja niongee kama mwenye mali.

Darasa la tatu tulikuwa Juma wanne. Mwalimu akiita, tunaitika wote kama kwaya. Mwisho akachoka, akatugawia: Juma Mrefu, Juma Kovu, Juma wa Sokoni, na mimi nikawa Juma Kimya. Mpaka leo nikienda nyumbani naulizwa, "Kimya, umekuja lini?" Na ukimya wenyewe ulishaniishia zamani, kama unavyoona urefu wa jibu hili.

Halafu kulikuwa na Juma wa tano, yule wa kwenye daftari la hesabu. Juma ana maembe 12, amempa Asha 5, amebaki na mangapi? Wenzetu walitukaba sisi, wengine wanadai maembe ya Asha. Nilipofika chuo nikamkuta tena, safari hii kwenye mifano ya vitabu vya isimu: Juma alimpiga Ahmed, Ahmed alipigwa na Juma, mpaka tembo, Juma kampiga risasi usiku. Wataalamu wa sarufi wakikosa mtenda wanamwita Juma, na sijawahi kuona sentensi ambayo amekamatwa.

Sasa hoja ya kupotea. Mwambie shemeji asome habari za Juma Ikangaa, mkimbiaji wa Tanzania. Huyu alikuwa mwanajeshi wetu, mfupi, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuongoza mbio tangu mwanzo badala ya kujificha kwenye kundi. Mwaka 1982 kule Brisbane, michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya pili kwenye marathoni nyuma ya Robert de Castella wa Australia, kwa saa 2:09:30. Akaenda Boston mwaka 1988, akapitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Sekunde moja, kilomita 42! Akarudi Boston 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Mtu mwingine angesema jina ndilo lenye nuksi. Lakini Novemba 1989, katikati ya hizo Boston zake, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01, na ikawa rekodi ya njia ile. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia mbio ile kana kwamba alikuwa kando ya barabara na chupa ya maji. Kwetu Juma ni wengi, lakini ukisema Ikangaa hakuna anayeuliza yupi.

Kaseja naye hivyo hivyo. Mwaka 2003 Simba ilimtoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa penalti, palepale Cairo, na golini alikuwa Juma Kaseja. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, wengi wameshamhesabu mzee, akarudishwa Taifa Stars na tukaitoa Burundi kwa penalti hapa Dar. Mimi ni Yanga, naandika haya kwa shingo upande. Na Temeke yupo Juma Nature, mwanamuziki ambaye watu wa rika langu tukimtaja tunaanza kuimba wenyewe, sina haja ya kumweleza.

Umeona hapo wote wanajulikana kwa jina la pili? Ndipo penye kazi yenu wazazi, nitarudi hapo.

Na usidhani Juma hukaa mbele tu. Dk. Omar Ali Juma alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1995 mpaka alipofariki Julai 2001. Profesa Ibrahim Juma akawa Jaji Mkuu mwaka 2017. Kuna mchangiaji kaandika hapo juu kwamba Juma ni jina la dini moja tu. Avuke mpaka aende Busia, Kenya, huko ni jina la kawaida hata kwa familia za Kikristo. Profesa Calestous Juma alitoka Port Victoria, kando ya ziwa, akaanzisha Nairobi kituo cha masomo ya teknolojia mwaka 1988, akaishia kufundisha Harvard hadi alipofariki Desemba 2017.

Kuna hata Juma wasiohusiana kabisa na Ijumaa. Kule Amazon, Brazil, kuna kabila la wenyeji linaitwa Juma, waliouawa karibu wote, na mwanamume wao wa mwisho, mzee Aruká Juma, alifariki Februari 2021 kwa Korona. Nilikuwa natafuta jina langu kwenye simu nikamkuta yeye. Siku ile nilikaa kimya kweli.

Turudi kwenye shida, maana zipo. Hospitali moja nilikwenda kwa ajili ya jino, nikawa nasubiri kuitwa dirisha la dawa. Wakataja jina langu na la baba, tukasimama wawili, mimi nikawahi. Mhudumu ananiuliza, "Presha imekuanza lini?" Namjibu kwamba sina presha, nina gego. Nyuma yangu mzee anasema, "Presha ni yangu, mwanangu." Tulicheka, lakini angekuwa ametoka chooni dakika ile ningekwenda na vidonge vyake.

Nyingine ya pesa. Shemeji yangu ana Juma sita kwenye simu: Juma Boda, Juma Maji, Juma Fundi, na kuendelea, mimi ni Juma Shem. Akatuma elfu themanini za ada kwa Juma Maji. Ujumbe wa kuthibitisha ulionyesha Juma, akaona Juma, akabonyeza. Juma Maji alirudisha, Mungu ambariki, ila alikata ya kutolea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Sisi mtoto hubeba jina la baba na la babu. Kama wewe ni Saidi na mzee ni Juma, mtoto atakuwa Juma Saidi Juma, na hapo mama yake ana hoja, maana Juma Saidi Juma utawapata hata watatu kwenye orodha moja ya matokeo. Mimi jina langu limepangika namna hiyo hiyo, najua ninachosema. Weka jina la ukoo mwishoni tangu cheti cha kuzaliwa. Usingoje kidato cha nne, ukishapata vyeti ndipo unaanza kuzunguka na viapo vya mahakamani. Na mwandiko uwe mmoja: Saidi isije ikawa Said kwenye cheti cha shule na Saidy kwenye kadi ya kliniki. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, itamtofautisha akiwa mtu mzima, lakini kabla ya hapo kuna miaka 18 ya kuitwa dirishani.

Wangu wa pili naye alizaliwa Ijumaa, alfajiri. Mke wangu akagoma kama wako, akasema uchungu ulimwanza Alhamisi, basi aitwe Hamisi. Nikakubali. Mwaka huu kaanza darasa la kwanza, wako Hamisi watatu.