Kweli ya Kristo haijulikani kwa mbali

Mliuliza wiki hii: je, mtu anaweza kuujua ukweli wa Ukristo bila kuwa na uhusiano na Mungu? Jibu langu ni kwamba habari zake anaweza kuzijua zote, hata akazifundisha, lakini ukweli wenyewe utampita. Yesu alisema yeye ndiye njia, na kweli, na uzima. Kama kweli ni yeye, basi kuijua ni kumjua yeye, na hakuna anayemjua mtu kwa kusimuliwa tu.

Someni Mathayo 2. Mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mashariki, wanaingia Yerusalemu wakiuliza yuko wapi mfalme aliyezaliwa. Herode anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, nao wanajibu bila kusitasita: Bethlehemu ya Uyahudi, ndivyo nabii alivyoandika. Jibu sahihi, na andiko lake wanalo. Halafu hatusomi popote kwamba hata mmoja wao aliondoka kwenda kuona, ingawa Bethlehemu haifiki hata kilomita 10 kutoka Yerusalemu. Waliokwenda ni wageni waliolazimika kuuliza njia. Sura hiyo hunitia hofu, maana sisi tuliokariri aya tunafanana zaidi na wale waliobaki.

Lakini mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kuliko pote, kwa maoni yangu, ni Yohana 9. Yesu anatema mate chini, anafanya tope, anampaka kipofu machoni na kumwambia akanawe katika birika la Siloamu. Mtu huyu hajawahi kumwona Yesu. Anaondoka akiwa bado kipofu, tope limemjaa machoni, akitembea kwa kulitegemea neno la mtu ambaye hata sura yake haijui. Ananawa, anaona. Majirani wanapomuuliza macho yake yamefumbuliwaje, anasema ni kazi ya mtu aitwaye Yesu. Yuko wapi? Hajui. Mafarisayo wanapombana, anasema ni nabii. Wanambana tena, wazazi wake wanaruka pembeni kwa kuogopa kutengwa na sinagogi, naye anajibu kwamba mtu huyu asingetoka kwa Mungu asingeweza kutenda neno lolote. Wanamfukuza. Yesu anasikia, anamtafuta, anajitambulisha kwake, na mtu yule anasema anaamini, kisha anamsujudia.

Angalieni jinsi ujuzi wake ulivyokua: mtu, nabii, aliyetoka kwa Mungu, Bwana. Hakuna somo alilopewa katikati. Alitii neno dogo alilopewa, akasimamia alichotendewa hata kilipomgharimu, na kila hatua ikamfungulia nyingine. Wasomi waliomhoji walianza kwa kujadiliana wao kwa wao na wakaishia kwa matusi.

Najua pingamizi litakalokuja: kwa hiyo kila mwenye hisia kali aseme Mungu amemfunulia? La hasha. Tumeona madhara ya kutosha ya watu wanaotanguliza «Bwana ameniambia» ili wasiulizwe. Watu wa mji wa Beroya katika Matendo 17 walimsikiliza Paulo kwa moyo wote, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, anaagiza roho zijaribiwe, kisha anatoa kipimo kisichokwepeka: asiyependa hakumjua Mungu. Ufunuo unaomfanya mtu awe mkatili nyumbani kwake hautoki kwa Mungu.

Wala sidharau akili. Blaise Pascal alikuwa mwanahisabati wa Ufaransa, mtu aliyejua vizuri uthibitisho ni nini. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alikutana na Mungu kwa namna iliyomtikisa, akaandika kwenye karatasi kwamba huyu ni Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu. Neno «hakika» aliliandika zaidi ya mara moja. Karatasi hiyo ilikutwa imeshonwa ndani ya nguo yake alipofariki mwaka 1662. Hakuacha kufikiri baada ya usiku ule; baadhi ya mawazo yake mazito kuhusu imani aliyaandika katika miaka iliyofuata.

Na anayetaka kujua lakini bado hana hakika, aanzie wapi? Katika Yohana 7 Yesu anasema kwamba anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua kama mafundisho haya yametoka kwa Mungu. Kutenda kunatangulia. Kwa hiyo chukua lile moja ambalo tayari unalielewa. Kama ni agizo la kupatana na ndugu yako kabla ya kutoa sadaka, nenda kwa huyo ndugu wiki hii, na kabla hujatoka mwombe Mungu akusaidie, hata kama ombi lenyewe ni lile la yule baba katika Marko 9 aliyelia kwamba anaamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Maswali yako kuhusu Utatu na miujiza endelea kuyauliza, ila yasikufanye uahirishe safari hiyo.