Akiogopa beseni, mpe chupa yenye matundu ashike mwenyewe

Pole dada. Umesema binti yako wa miaka miwili na nusu akiona beseni tu anaangua kilio, na jioni nzima inaharibika. Kijana wangu alikuwa hivyohivyo tulipokuwa tumepanga chumba kimoja hapa Tororo, namwogeshea uani karibu na bomba la wapangaji wote. Nilikuwa na haraka kila siku: namsugua, namwagia maji kichwani bila kumwambia, taulo, basi. Siku moja povu likamwingia machoni. Tangu hapo akisikia jerikeni linaburutwa, anakimbilia chini ya kitanda.

Nilikuja kugundua kwamba hakuwa akiogopa maji. Aliogopa kumwagiwa. Nikachukua chupa ya plastiki, nikaitoboa matundu kitakoni kwa msumari wa moto, nikahamishia beseni ndani, nikamwambia: "Leo mvua ni wewe. Ninyeshee mkono." Akaninyeshea mkono, kisha goti, kisha kijiko, kisha ndala zangu. Siku hiyo sikumwogesha, aliingiza miguu tu. Baada ya siku nne tano akajinyeshea tumbo mwenyewe, akacheka mpaka akapaliwa.

Kichwa ndicho kilichochukua muda. Mpe kitambaa kilichokunjwa akishikilie mwenyewe juu ya macho, ainue uso. Wangu nilimwambia ahesabu misumari ya mabati pale juu. Mwambie kabla, "moja, mbili, maji," halafu mwaga polepole kuanzia kwenye paji kwenda kisogoni. Usimdanganye hata mara moja, usimwage kwenye "mbili", maana hatakuamini tena.

Maji yenyewe: tangulia kutia ya baridi, ndipo uongeze ya moto, ukoroge, upime kwa kiwiko. Yawe vuguvugu, kama nyuzi 37, na yasimfike kitovuni akiwa amekaa. Sufuria ya moto na sigiri viwe mbali kabisa na mikono yake. Na nakuomba sana, usimwache peke yake hata kama simu inalia au jirani anabisha hodi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 tu, tena kimya kimya. Ukilazimika kutoka, toka naye.

Sabuni iache mwisho, asikae kwenye povu akakaukwa ngozi. Dakika kumi zinatosha. Michezo ya kurusharusha maji iwe mwanzoni. Ukikaribia kumaliza, punguza sauti, mwimbie taratibu wimbo uleule kila siku, mfunge taulo, mpake mafuta akiwa bado na unyevunyevu. Wangu alikuwa akifika kwenye mafuta ya miguu, macho yameshalegea.

Kesho akikataa kabisa, usimlazimishe. Mpanguse kwa kitambaa cha maji vuguvugu, beseni liache pale pembeni na chupa yake ndani, alione.