Muulize Anko: Mfugaji wa ng'ombe anatafuta nini bungeni?

SWALI: Anko shikamoo. Mwenzangu anabisha kwamba Marekani huwezi kuwa mbunge kama hujasomea sheria au huna kampuni kubwa. Mi nikamwambia kule kuna wafugaji wa ng'ombe kabisa wameingia bungeni, akanicheka. Nipe hata mmoja nimnyamazishe.

JIBU: Marahaba. Mpe jina la Dolph Briscoe, wa mji wa Uvalde, Texas. Kazaliwa 1923 kwenye familia ya ranchi, kasoma Chuo Kikuu cha Texas (biashara, sio sheria), kaenda Vita ya Pili ya Dunia akapelekwa upande wa Asia, karudi kwa ng'ombe wake. 1948 akagombea ubunge wa jimbo, na hapa uwe makini maana ndipo watu wanapochanganya, sio lile bunge la Washington, ni la Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, linalotunga sheria za Texas peke yake. Akashinda, akakaa humo kuanzia 1949 mpaka 1957. Na kuhusu hiyo digrii, katiba ya Texas inataka mgombea wa Baraza la Wawakilishi awe raia, awe na miaka 21, awe ameishi jimboni humo miaka miwili na eneo analogombea mwaka mmoja. Cheti hakijatajwa.

Sasa alichofanya ndio kitamu. Fikiria wewe ni mfugaji wa Texas baada ya vita, ng'ombe wamenona, bei sokoni nzuri, ila njia ya kutoka kwako ni udongo mtupu, mvua ikishapiga lori haliingii wala halitoki, unabaki unawaangalia wanakula majani tu na kilo zinapungua. Serikali nayo ilikuwa inapeleka lami kwenye magari mengi, na huko mashambani magari mengi yatoke wapi wakati barabara yenyewe haipitiki! Briscoe haya hakusoma kwenye ripoti, alikuwa anayaishi. Akashirikiana na seneta Neveille Colson wakapitisha sheria mwaka 1949 iliyotenga dola milioni 15 kila mwaka kwa barabara za vijijini, zile ambazo kwa hesabu ya magari peke yake zisingeambulia kitu. Leo mtandao wa hizo barabara za kutoka shambani kwenda sokoni umepita maili 40,000, na ukipita Texas utaviona vibao vyake, vyeusi, vina ramani ya jimbo kwa rangi nyeupe na namba katikati.

Halafu huyo mama Colson msimsahau jamani. Alikuwa mwalimu, na ndiye mwanamke wa kwanza Texas kukaa kwenye mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo. Jina lake ndio linatangulia kwenye ile sheria lakini ukiwasikiliza watu wanavyosimulia utadhani mwenye ranchi aliijenga barabara peke yake kwa koleo.

Baba yake Briscoe alifariki 1954, ranchi ikamwangukia yeye, 1957 akaachana na bunge akaenda kuisimamia. Baadaye akaupata ugavana, 1973 hadi 1979, akaahidi hakutakuwa na kodi mpya za jimbo na kweli hazikuwepo. Ila sio malaika, wapinzani walimsema sana kwamba anashinda Uvalde kuliko ofisini, na kuna siku alimteua mtu kwenye tume moja ya jimbo kumbe mwenyewe ameshakufa. Hiyo Texas wanaicheka mpaka leo. 1978 chama chake cha Democratic kikamnyima tiketi, akarudi kwa ng'ombe, akafariki 2010 akiwa na miaka 87.

SWALI: Anko, nimesikia Marekani wamezuia ng'ombe hai kutoka Mexico sababu ya inzi. Inzi tu? Na kweli zamani waliwahi kummaliza?

JIBU: Inzi tu unasema wewe, subiri. Huyu, kwa Kiingereza screwworm, hatagi kwenye mzoga, anataga kwenye kidonda cha mnyama aliye hai, hata kakwaruzo ka waya wa uzio kanatosha, hata kitovu cha ndama aliyezaliwa jana. Mayai yakianguliwa funza wanaila nyama mbichi wakienda chini, kidonda kinapanuka, harufu inaita inzi wengine, na asipotibiwa mnyama anakufa. Wachungaji wa enzi zile msimu wa joto walikuwa wanazunguka na farasi kutwa, wanamkamata ndama mmoja mmoja, wanamlaza, wanampaka dawa, kesho tena.

Wataalamu wawili, Edward Knipling na Raymond Bushland, wakagundua pa kumshikia: jike wake hupandwa mara moja tu maishani. Kwa hiyo ukifuga madume kwa mamilioni, ukayapiga mionzi yakawa tasa, ukayamwaga kwa ndege, jike akikutana na hilo dume ndio imetoka, mayai yake hayaanguliwi. Florida ikasafishwa kufikia 1959. Upande wa Texas kiwanda cha kuzalisha hao inzi kilianza 1962 pale mji wa Mission, na hapo anaingia tena Briscoe niliyemtaja juu, safari hii akiwa kiongozi wa chama cha wafugaji, alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza wenzake watoe hela zao mfukoni badala ya kukaa kuisubiri serikali. Mi naona hii kazi yake ni kubwa kuliko ugavana wote, na wala haikuhitaji kura ya mtu.

Haikwenda moja kwa moja lakini, 1972 inzi walirudi Texas kwa kishindo na ilichukua miaka tena kuwatoa, mpaka mwaka 1982. Baadaye wakasukumwa taratibu hadi Panama, hapo wakawekewa ukuta wa madume tasa yanayomwagwa kwa ndege. Ukuta huo ndio umevuja, mwishoni mwa 2024 akaonekana Chiapas kusini mwa Mexico, na 2025 mpaka ukafungwa kwa ng'ombe hai.

SWALI: Mbunge wa jimbo Texas analipwa kiasi gani? Maana wetu hawa tunawajua.

JIBU: Dola 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi, na kiwango hicho kipo kwenye katiba tangu 1975, hawajakigusa. Kuna posho ya siku za vikao, lakini vikao vyenyewe vya kawaida ni siku 140 kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili. Wawakilishi 150, maseneta 31, wengi wana kazi nyingine nyumbani.

Wanaoupenda utaratibu huu wanasema mbunge anarudi kuishi chini ya sheria aliyoitunga mwenyewe. Sawa, nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba muuguzi au fundi wa magari hawezi kumwambia bosi naondoka miezi mitano Austin nakuja, anayeweza ni mwenye ofisi yake ya uwakili, au mwenye ranchi yenye vibarua wa kuiangalia. Briscoe alikuwa miongoni mwa wenye ardhi kubwa kabisa Texas, sio mchungaji wa kulipwa mshahara. Na 1975, akiwa gavana, wapiga kura walipewa mapendekezo ya kuandika katiba upya, likiwemo la bunge kukutana kila mwaka, yeye akajitokeza hadharani kuyapinga, na mapendekezo yote manane yakaanguka. Kwa hiyo mdogo wangu mshahara mdogo usikudanganye, kwanza muulize mtu anaishije hiyo miezi mitano.