Mwanangu, kuhusu hiyo boti unayotaka kununua

Baba'angu,

Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nimezima injini kabisa maana ilikuwa inanipigia kelele. Unasema kodi ya London imekushinda, umeona boti inauzwa Braunston, kile kijiji cha mfereji, ina jiko zuri mpaka picha umenitumia, sasa unauliza ununue uhamie ukae kwenye mifereji ya Uingereza kama mimi, si ndo rahisi?

Kwa hela ni nafuu, ila sio hivo unavodhani. Kuna leseni ya kila mwaka, bima, dizeli, gesi, makaa, cheti cha usalama kila miaka 4, na sisi tusio na gati letu tangu 2024 tunalipishwa leseni kwa nyongeza. Afu hukai sehemu moja zaidi ya siku 14, lazma usogee, na spidi yenyewe mwisho kama kilomita 6 kwa saa, mtu akiharakisha kwa miguu anakupita. Wewe kazi yako London, piga mwenyewe hesabu ya nauli siku umefunga boti huko kijijini Stoke Bruerne kwenye matope.

Ila mimi nikitazama hizo picha sioni jiko, naona umenitumia picha 11 na hakuna hata moja ya chini. Boti hizi ni chuma, nyingi bati la chini milimita 10, ubavuni 6, na kutu haina likizo. Unakumbuka babu yako Tanga, maji yakipwa anailaza mashua mchangani, anakwangua, anapaka deheni? Basi ni kazi ileile, huku inaitwa lami, kila miaka 2 au 3 unaitoa majini, unaiosha, unaipaka. Na ubavuni kuna vipande vya magnesiamu vimechomelewa, vyenyewe vinaliwa ili chuma kisiliwe, vikiisha usipobadilisha maji yanageukia boti yako. Bima nyingi zinaanza kununa bati likishuka chini ya milimita 4.

Halafu kuna tezi, yaani huko nyuma ya boti. Pale shafti inapotokea kwenda kwenye propela maji yanadondoka, kuna kikopo cha grisi, kila jioni nikizima injini nazungusha mkono wake mpaka uwe mzito na matone yakome. Dakika moja tu. Mwaka juzi novemba nilikuwa na mafua, nikaacha siku nne, na betri ya pampu ya kutoa maji nayo ilikuwa imechoka sikujua. Siku ya tano naamka nasikia boti imekaa kizembe, nafunua ubao, maji meusi yananitazama, yamebakisha vidole viwili kufika kwenye injini. Marejeo ngamani kweli, nikachota kwa sufuria ya pilau mpaka saa 4 asubuhi, peke yangu, na kikohozi juu.

Propela nayo inanasa kila kitu. Unazima injini, ufunguo unautia mfukoni (MFUKONI, sio mezani), unafungua kifuniko cha nyuma unaingiza mkono kwenye maji ya barafu unakata kwa kisu. Mimi nishatoa sari nzima nyekundu ya watu na springi za godoro. Na kile kifuniko ukikirudisha ovyo, ukiwasha injini maji yanaingia ndani.

Kwenye loki, kile chumba cha mageti kinachopandisha na kushusha boti, mjukuu wa mabaharia hunipi shida, ila maji yakishushwa usiache nyuma ya boti irudi hadi kuvuka ule mstari mweupe ukutani, kuna ngazi ya zege chini ya maji, tezi ikikaa juu yake na maji yanapungua boti inaning'inia. Nishaona moja. Sitaki kuisimulia.

Kwahiyo hiyo ya Braunston usitoe hata kishika nafasi mpaka ipandishwe juu na fundi apime unene wa bati, na fundi umtafute wewe, asiwe rafiki yake muuzaji.

Mwezi wa 2 yangu naipandisha kupaka lami. Omba likizo wiki, uje na ovaroli na mchele mzuri maana wa huku unakuwa uji. Utalala kwenye kochi, kengele ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya makaa isiyo na harufu, iko juu ya kichwa chako usiitoe betri hata ikikukera, jiko la makaa ndani ya boti lina sumu ileile inayoua watu vyumbani kwetu. Na kopo la choo, lita 20, kulimwaga ni zamu yako.

Mamako