Mafuriko yetu, mafuta yao: nani ashtakiwe?

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanazunguka jambo moja: kama kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe ndizo zilizochangia kuvuruga tabianchi, mbona hakuna anayezidai? Zinadaiwa, tena kila pembe ya dunia. Kulipa ndiko bado. Nimechagua maswali sita.

"Wakili, Mto Tana umenichukulia shamba la migomba mara mbili. Naweza kuishtaki kampuni ya Ulaya ambayo haijawahi kukanyaga huku?" – Msomaji, Garsen

Pole sana. Kushtaki unaweza. Mwaka 2015, Saúl Luciano Lliuya, mkulima na mwongoza wapanda milima wa Huaraz nchini Peru, aliifungulia kesi RWE, kampuni ya Ujerumani inayozalisha umeme kwa makaa ya mawe. RWE haina mtambo hata mmoja Peru. Hoja yake ilikuwa kwamba barafu ya milimani inayeyuka, Ziwa Palcacocha linajaa, na likipasuka litaishukia nyumba yake. Si hofu ya kubuni: ziwa hilo hilo lilipasuka mwaka 1941 na kuua watu zaidi ya elfu moja. Hakuomba RWE ilipe gharama zote za kinga. Aliomba sehemu inayolingana na mchango wake katika gesijoto za viwanda duniani, uliokadiriwa kuwa asilimia 0.47, yaani kama euro 17,000. Fedha hizo hazitoshi hata kumlipa wakili, na ndiyo maana naona kesi ile ilikuwa ya kanuni tangu mwanzo.

Mahakama ya Essen iliitupa mwaka 2016. Mahakama ya rufaa ya Hamm ikaipokea, na mwaka 2022 majaji na wataalamu wakasafiri hadi Huaraz kujionea wenyewe. Tarehe 28 Mei 2025 wakatoa hukumu: mdai ameshindwa, kwa sababu uwezekano wa maji kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 ni kama asilimia moja tu. Lakini katika hukumu hiyo hiyo walisema kwamba, kimsingi, mtoaji mkubwa wa hewa ukaa anaweza kuwajibishwa chini ya kifungu cha 1004 cha sheria ya madai ya Ujerumani, na kwamba umbali si kinga. Kifungu hicho ndicho jirani hukitumia pale mwenzake anapomharibia au kutishia kumharibia mali yake.

Sasa turudi Garsen. Mwenzako wa Peru alidai juu ya hatari iliyo mbele. Wewe utadai juu ya hasara iliyokwisha kutokea, na hilo ni afadhali kwako. Ugumu wako ni kuunganisha mvua ile na gesi ile. Wanasayansi walioichunguza mvua ya Oktoba hadi Desemba 2023 katika Kenya, Somalia na Ethiopia waliona kwamba mabadiliko ya tabianchi huenda yaliiongezea nguvu hadi mara mbili. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini swali la kwanza la wakili wa kampuni nalijua tayari: je, mafuriko hayo hayakutokana na bwawa la Masinga, lililo juu ya mto huo huo, kufurika? Usipokuwa na jibu la hilo, umekwisha.

"Mimi ni bodaboda, ndiye ninayechoma petroli. Muuzaji ana kosa gani?" – Msomaji, Mwanza

Hii ndiyo hoja ya kampuni zenyewe, na umeieleza vizuri kuliko mawakili wao. Ingekuwa na nguvu zaidi kama muuzaji na mnunuzi wangejua mambo sawa. Hawakujua sawa. Wanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, walianza kuwatahadharisha wakubwa wao mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti waliochapisha kwenye jarida la *Science* mwaka 2023 walikuta kwamba asilimia 63 hadi 83 ya makadirio ya ndani ya kampuni hiyo kuhusu joto la dunia yalikuwa sahihi. Huku nje, kampuni ikaendelea kuwaambia watu kwamba sayansi haina uhakika.

Ndiyo maana kesi nyingi za Marekani hazisemi "mliuza mafuta". Zinasema "mliwadanganya wateja", kama walivyobanwa watengenezaji wa sigara. Jiji la Honolulu lilifungua yake mwaka 2020. Kampuni zilipigana miaka yote hiyo ili kesi isisikilizwe katika mahakama za jimbo la Hawaii, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuwasikiliza. Angalia hapo: miaka mitano ilikwenda kwa kubishana kesi isikilizwe wapi, kesi yenyewe ikiwa bado haijasikilizwa. Mwenye pesa hapendi kushinda kesi, anapenda kuichelewesha.

"Si Shell walishashindwa Uholanzi?" – Msomaji, Nairobi

Walishindwa, kisha wakashinda. Mei 2021 mahakama ya The Hague iliwaamuru kupunguza gesijoto kwa asilimia 45 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2019. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo: Shell wana wajibu wa kupunguza, lakini jaji hawezi kuwapangia asilimia. Milieudefensie, shirika lililowashtaki, limekwenda mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi.

"Kesi ya bomba la mafuta iliyopelekwa Arusha imeishia wapi?" – Msomaji, Tanga

Bomba hilo ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, na TotalEnergies ya Ufaransa ndiyo yenye hisa nyingi. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2023, likatupwa. Sababu? Kuchelewa. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tangu jambo linalolalamikiwa litokee au alijue, na majaji wakaona saa ilianza kuhesabiwa tangu mikataba ya awali, ukiwemo wa Uganda na Tanzania wa 2017. Hoja za mazingira hazikupimwa kwenye mizani. Walikata rufaa.

Kwangu miezi miwili ni dhihaka. Mikataba ya namna hii hutiwa saini faraghani, na mwanakijiji huja kuisikia siku anapoona vigingi vimepigwa kwenye mihogo yake.

Linganisha na Lamu. Wenyeji hawakungoja mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ujengwe ndipo wadai fidia ya moshi. Waliipinga leseni yenyewe. Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya, linaloamua mashauri ya mazingira, likaifuta, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikashikilia uamuzi huo. Tena ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya haimlazimishi mlalamikaji kuonyesha kwamba kuna mtu amekwisha kupata hasara. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatoa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 4 na njia ya kuidai katika kifungu cha 5. Naona haitumiki inavyostahili.

"Gatumba tumehamishwa na maji ya Ziwa Tanganyika. Ule mfuko wa Umoja wa Mataifa wa hasara na uharibifu si ndiyo fidia yetu?" – Msomaji, Bujumbura

Hapana, na usiruhusu mtu akuambie hivyo. Mfuko uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 ni wa misaada. Uamuzi ulioambatana na Mkataba wa Paris, ule wa mataifa kuhusu tabianchi, aya ya 51, unasema wazi kwamba ibara inayohusu hasara na uharibifu haiwi msingi wa kudai fidia. Nchi tajiri zilihakikisha maneno hayo yameandikwa.

Kilichobadilika ni maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 23 Julai 2025, yaliyoombwa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Yamesema nchi inayoshindwa kuzuia madhara, hata kwa kutoa leseni au ruzuku za mafuta, inaweza kuwa imevunja sheria na ikatakiwa kulipa. Hayo yanazihusu nchi, si kampuni moja kwa moja. Lakini kampuni huishi kwa leseni za nchi, nasi wa Afrika Mashariki pia tunatoa leseni.

"Niweke ushahidi gani tangu sasa?" – Msomaji, Rufiji

Hati ya kijiji au barua ya mtendaji inayoonyesha shamba ni lako. Picha za kabla na za baada, kutoka pembe ile ile, zenye tarehe. Stakabadhi za mbegu na mbolea, maana bila hizo hasara yako ni maneno. Takwimu za mvua za kituo kilicho karibu, ziombwe kwa barua na nakala ubaki nayo. Na ukiona tangazo la tathmini ya mazingira limebandikwa ofisi ya kijiji, lipige picha siku hiyo hiyo, tarehe na muhuri vionekane.