Kabla Hujanunua Skrini Nyingine

Kompyuta nyingi za mezani zinazofika kwangu zina hukumu tayari: skrini imekufa. Mara nyingi haijafa. Inaniuma kuona mwenye stesheneri anachomoa mtaji wake kununua nyingine, kumbe tatizo ni kebo iliyolegea.

Jambo la kwanza ni kujua kama ubovu uko kwenye skrini au kwenye sipiyu, yaani lile kasha la kompyuta. Chomoa kebo ya picha, acha ya umeme, halafu zima skrini na uiwashe tena. Ikileta nembo ya kampuni au maandishi ya kukosa mawimbi, skrini ni nzima. Ikikaa kimya huku taa yake ndogo inawaka, rudisha kebo, washa sipiyu, kisha mulika skrini kwa tochi ya simu ukiwa kwenye giza. Ukiona picha hafifu kwa mbali, taa ya nyuma ndiyo imeharibika, na hapo mwite fundi.

Kebo za VGA, zile kebo za picha zenye pini, zina mambo yake. Kila rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, hupita kwenye pini yake. Picha nzima ikigeuka njano, buluu haifiki. Ikiwa ya zambarau inayoelekea waridi, kijani kimekatika. Angalia pini iliyopinda, inyooshe taratibu. Ila usishtuke ukikuta pini moja ya mstari wa kati haipo kabisa: kebo nyingi hutoka kiwandani bila pini ya 9.

Kama sipiyu ina kadi ya picha, chomeka kebo kwenye kadi. Kwenye mashine nyingi, tundu la mazabodi, yaani bodi kuu ya sipiyu, huzimwa kadi ikiwepo, na kila mtu anaanza kulaumu skrini.

Feni zinazunguka lakini hakuna picha? Mimi huanza na RAM, kile kipande cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye mazabodi, hasa kwenye ofisi zenye vumbi. Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, irudishe mpaka ilie “tak”. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Picha ikipotea Windows ikishawaka, bonyeza pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha, itaanza upya. Ikipotea baada ya projekta kutolewa, bonyeza Windows na P uchague skrini ya kompyuta.

Ila pawasaplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya sipiyu, usiifungue, wala skrini yenyewe, hata kama umeshachomoa umeme. Kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kuua.